Sheria twaijua, hesabu yatushinda: mambo ya elektroni nyingi ndani ya shaba

Mtu wa Katanga hahitaji mwalimu wa kumweleza shaba ni nini. Ameiona ikichimbwa, ikiyeyushwa, ikipakiwa juu ya makamio na kupelekwa mbali. Lakini kuna jambo moja la shaba lisiloulizwa katika machimbo, nalo limewahangaisha wataalamu wa fisika tangu mwaka 1986. Mwaka ule, karibu na mji wa Zürich katika nchi ya Uswisi, mabwana wawili, Georg Bednorz na Alex Müller, walichukua shaba iliyoungana na oksijeni pamoja na madini mawili yaitwayo lantani na bari, wakaipoza sana. Wakaona kama kitu hicho, ambacho katika joto la kawaida chapitisha umeme vibaya, sasa chaupitisha bila kizuizi hata kidogo. Mwaka uliofuata, 1987, walipewa zawadi ya Nobel. Ni mara chache sana zawadi hiyo kutolewa kwa haraka namna hii.

Jambo lenyewe la umeme kupita bila kizuizi halikuwa geni. Mwaka 1911 Kamerlingh Onnes, katika mji wa Leiden, alikuwa amekwisha kuliona katika zebaki iliyopozwa mpaka digri 269 chini ya sifuri, na mwaka 1957 Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer, walieleza sababu yake vizuri. Lakini maelezo yao hayatoshi kwa vitu hivi vya shaba. Tena vitu vya shaba havidai baridi kali namna ile. Kimoja kilichopatikana Marekani mwaka 1987 chaanza kupitisha umeme bila kizuizi katika digri 180 chini ya sifuri, na baridi hiyo yapatikana kwa nitrojeni iliyogeuzwa maji, kitu kisicho cha bei kubwa.

Kwa sisi watu wa Kongo, faida yake haihitaji maneno mengi. Waya za umeme zitokazo Inga mpaka Kolwezi, zilizokamilika mwaka 1982, zina urefu wa kilometa karibu 1.700, na sehemu ya umeme hupotea njiani kwa kugeuka joto. Hatusemi kama kesho ao keshokutwa waya za namna ile mpya zitanyoshwa kupita katika Kasai! Vitu hivyo ni vikavu kama chungu, havikunjiki kwa urahisi, na sharti vipozwe njia nzima. Lakini fundi asiyejua kwa nini dawa yaponya atapata shida kutengeneza iliyo bora. Ndiyo sababu wataalamu wauliza: elektroni zafanya nini ndani ya kitu hicho?

Na hapa wasomaji wetu watashangaa. Sheria ya elektroni yajulikana. Schrödinger aliiandika mwaka 1926, na tangu siku hizo haikushindwa katika mambo ya atomu. Mwaka 1929 Mwingereza Dirac aliandika maneno ambayo maana yake ni hii: sheria zinazohitajika kwa kemia nzima na kwa sehemu kubwa ya fisika sasa zimejulikana kabisa, kilichobaki ni kwamba hesabu zake ni ngumu kupita nguvu zetu. Ndiyo kusema, kuna namna mbili za kutokujua. Namna ya kwanza ni kutojua kanuni. Namna ya pili ni kuijua kanuni, kuishika mkononi, na kushindwa kuona yatokanayo nayo. Sisi tuliopita katika darasa la filosofia tumezoea kufikiri kama mwenye kanuni ya kwanza anayo na hitimisho, ikiwa tu atafuata njia ya akili polepole. Katika mambo haya sivyo. Njia yenyewe ni ndefu kupita umri wa ulimwengu.

Kwa nini basi? Tuchukue mfano wa nyumbani. Kijana amwendea baba yake mkubwa, amwambia: «Baba mkubwa, mimi sitaki mengi. Unipe leo franka moja, kesho franka mbili, keshokutwa franka nne, na hivi kila siku uongeze mara mbili, mpaka mwezi uishe.» Mzee acheka, akubali. Siku ya kumi atoa franka 512, bado acheka. Siku ya ishirini atoa 524.288, na hacheki tena. Siku ya thelathini adaiwa franka 536.870.912 kwa siku ile moja tu. Mzee yule hakudanganywa. Alisikia sheria yote, tena ni sheria fupi, ila hakuhesabu.

Elektroni hutufanyia vivyo hivyo. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo sana, nasi twaweza kuichora kama mshale wenye kuelekea juu ao chini. Mshale mmoja una hali mbili. Mishale miwili yaweza kupangwa kwa namna nne, mitatu kwa namna nane, kumi kwa namna 1.024, ishirini kwa namna 1.048.576. Mpaka hapa ni hesabu ya shule tu. Mishale ya kawaida, kama ile ya wawindaji, haitusumbui: hata ikiwa elfu moja, nitaandika mstari mmoja wenye maneno elfu, juu, chini, chini, juu, na kazi yangu imekwisha. Lakini fisika ya kwantumu yasema kwamba mishale ya elektroni haichagui mpango mmoja. Hali yake ni mchanganyiko wa mipango yote pamoja, na kila mpango una namba yake ya kuonyesha uzito wake katika mchanganyiko. Sharti tuandike namba kwa kila mpango. Kwa mishale ishirini, namba zaidi ya milioni moja. Kwa mishale thelathini, namba zaidi ya miliardi moja.

Mtu mwerevu atasema: «Si afadhali kueleza kila mshale peke yake, kisha kuunganisha?» Hapana, haiwezekani, na hili ndilo fumbo lenyewe. Mishale miwili yaweza kuwa katika hali ambayo bila shaka yoyote mmoja ni kinyume cha mwingine; lakini wa kwanza hauna mwelekeo wake mwenyewe, wala wa pili hauna. Twajua yote yanayohusu jamaa, na juu ya kila mmoja peke yake hatujui lolote, kwani hakuna la kujua. Wataalamu huita jambo hili kufungamana. Wanafunzi wetu waliosoma Aristoteli watakumbuka yale asemayo juu ya kitu kizima na sehemu zake, na kwa kweli mfano ni mzuri. Lakini twawasihi wasikimbilie kufanya teolojia kutokana nao. Tumeona makaratasi ya namna hiyo, na hayakuwa mazuri.

Turudi kwenye hesabu. Leo mashini za kuhesabu, zile tunazoziita ordinatere na ndugu zetu wa Tanzania kompyuta, zahesabu kwa mwendo usiofikirika. (Wasomaji wapate kujua kama mpenzi mmoja mkubwa wa mashini hizi alikuwa padri: Georges Lemaître, yule wa mwanzo wa ulimwengu, ambaye mwaka 1958 aliiingiza ordinatere ya kwanza katika Universite ya Louvain.) Basi, namba moja ya uzito yahitaji nafasi ndogo tu ndani ya ordinatere. Mishale thelathini yadai nafasi ya giga 17, nayo yaenea katika mashini nzuri ya ofisi. Ongeza mshale mmoja: giga 34. Ongeza mwingine: 68. Mishale hamsini yadai giga milioni 18, na hapo hata mashini kubwa kabisa za dunia hazitoshi, isipokuwa kwa hila za kupunguza mipango inayofanana. Na mishale mia tatu? Namba zinazotakiwa ni nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Na kipande cha shaba kama kichwa cha msumari kina elektroni ngapi? Si mia tatu. Afadhali tusiandike namba ile hapa.

Kusudi wasipotee katika wingi huu, wataalamu walijitengenezea mchezo mdogo, na mwaka 1963 Mwingereza John Hubbard aliueleza kwa namna inayobeba jina lake mpaka leo. Fikirini ubao wa dama. Kila chumba cha ubao chaweza kuwa kitupu, ao kuwa na elektroni moja ya mshale wa juu, ao moja ya mshale wa chini, ao zote mbili pamoja. Zaidi ya hapo ni marufuku. Sheria ni mbili tu. Ya kwanza: elektroni yaweza kuruka mpaka chumba cha jirani. Ya pili: ikiwa elektroni mbili zakaa katika chumba kimoja, zalipa faini, kwani zachukiana. Hayo ndiyo yote. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuzishika sheria hizo. Lakini ubao wa vyumba vinne kwa vinne una mipango 4.294.967.296, na ubao wa dama wa vyumba nane kwa nane una mipango ambayo hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 39.

Ikiwa vyumba vimepangwa katika mstari mmoja, si katika ubao, mchezo umekwisha kutatuliwa kwa kalamu na karatasi: Lieb na Wu walifanya kazi hiyo mwaka 1968, kwa kufuata njia aliyoifungua Bethe mwaka 1931. Lakini shaba ya Bednorz na Müller yajengwa kwa tabaka, na kila tabaka ni kama ubao. Na kwa ubao, kalamu ilishindwa. Ikabaki kutafuta hila za kuhesabu kwa mashini.

Hila ya kwanza ni ya kuonja. Mama akitaka kujua kama chumvi yatosha hali sufuria nzima. Achukua kijiko kimoja, aonja. Vivyo hivyo ordinatere yaweza kuchagua mipango fulani kwa bahati nasibu, mingi kutoka mahali penye uzito mkubwa, na kuhesabu wastani. Njia hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa wacheza kamari. Metropolis na Ulam waliieleza mwaka 1949. Kwa vitu vingi yafanya kazi vizuri ajabu. Lakini elektroni zina tabia moja mbaya: mbili zikibadilishana mahali, namba ya mpango hugeuka alama, kutoka kuongeza ikawa kupunguza. Basi ndani ya sufuria mmejaa miliardi za kuongeza na miliardi za kupunguza, zinazokaribia kumalizana, na jibu ni ile tofauti ndogo inayobaki. Ni kama mtu atakaye kujua uzito wa barua moja kwa kupima kamio nzima ikiwa na barua, kisha kuipima tena bila barua. Mizani ikikosea kidogo tu, barua imepotea. Mwaka 2005 Troyer na Wiese walionyesha kama dawa moja ya kuponya ugonjwa huu kila mahali ingeponya pia hesabu zile ngumu ambazo wataalamu karibu wote wanafikiri hazina njia ya mkato. Kwa hiyo kila mmoja hutafuta dawa ya mahali pake tu.

Hila ya pili twaipenda zaidi, nasi tutakaa nayo. Mwenyewe ni Steven White, mwalimu wa Universite ya California katika mji wa Irvine, na mwaka ni 1992. Kabla yake, mwalimu wake Kenneth Wilson alikuwa ametumia namna hii: chukua kipande kidogo cha mstari, kihesabu chote, hifadhi hali chache zilizo bora, tupa nyingine, kisha ongeza kipande, hesabu, tupa tena. Kwa shida moja fulani Wilson alifaulu sana. Lakini kwa mstari wa kawaida wa mishale namna hiyo yaleta majibu mabaya. White aliuliza: tunapotupa, twachagua kwa kipimo gani?

Tufikiri kijiji kinachotuma wajumbe kumi kwenye mkutano wa wilaya. Namna ya zamani ni kufunga milango ya kijiji na kuchagua watu watulivu zaidi nyumbani kwao. Watu wazuri, bila shaka. Lakini wakifika mkutanoni hawajui mtu, kwa sababu walichaguliwa kana kwamba vijiji vingine havipo. White alisema: kwanza weka kijiji pamoja na majirani zake, tazama ni nani kwa kweli wana mambo na watu wa nje, yaani ndoa, madeni, mashamba ya mpakani, na hao ndio uwatume. Katika lugha ya hesabu: hifadhi zile hali ambazo kwa njia yake kipande kimefungamana na sehemu iliyobaki. Ni badiliko dogo la kanuni ya kuchagua, na matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1993 White na Huse walihesabu mstari wa mishale ya namna nyingine, yenye hatua tatu badala ya mbili. Mwingereza Haldane alikuwa amesema mwaka 1983 kama katika mstari huo msukosuko wowote wadai kwanza nguvu fulani isiyopungua, na wengi hawakumsadiki. White na Huse walipata kipimo cha nguvu hiyo: 0,41050 ya nguvu inayounganisha mshale na jirani yake. Tarakimu tano, palipokuwa na mabishano ya miaka kumi! Haldane alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2016.

Kwa nini wajumbe wachache watosha? Jibu lilieleweka polepole. Mtu mwenye shamba, magomvi yake na majirani hayafuati ukubwa wa shamba, bali urefu wa mpaka. Katikati ya shamba hagombani na mtu. Hali za elektroni zilizo tulivu kabisa zina tabia hiyo: kufungamana kwa kipande na sehemu iliyobaki hufuata mpaka, si eneo. Katika mstari, mpaka wa kipande ni ncha zake mbili tu, hata kipande kiwe kirefu namna gani. Mwaka 2007 Hastings alithibitisha jambo hili kwa mistari ya namna ile ya Haldane. Basi, ile bahari ya mipango iliyotutisha hapo mwanzo ni kweli ipo, lakini maumbile, yakiwa matulivu, hukaa katika pembe ndogo sana ya bahari hiyo. Kazi ya mwenye kuhesabu ni kuitafuta pembe. Kwa maoni yetu, jambo hili ni kubwa kuliko mashini zote. Wengi walifikiri kama ugumu utashindwa kwa kujenga ordinatere kubwa zaidi. Lakini ordinatere yenye nguvu mara mbili yaongeza mshale mmoja tu, na wazo moja la mtu wa Irvine liliongeza mamia.

Kwenye ubao, lakini, mpaka hurefuka pamoja na shamba, na wajumbe wanaotakiwa huongezeka upesi. Verstraete na Cirac walitengeneza mwaka 2004 namna ya kufuma wavu wa hesabu juu ya ubao mzima, kama mkeka. Wengine wahesabu ubao mwembamba mrefu. Mwaka 2017 Carleo na Troyer walijaribu kufundisha pembe ile kwa mashini za kujifunza, ndugu za zile zinazotambua sura za watu katika picha. Nazo zimeendelea sana. Kila njia ina upungufu wake: moja yapenda ubao mwembamba, nyingine yashika kwa mkono alama zile za kuongeza na kupunguza, nyingine yaona jirani wa karibu tu na kukisia wa mbali.

Hapo pakawa na shida ambayo watu wasiohesabu hawaifikirii. Kwa miaka mingi, juu ya mchezo uleule wa Hubbard, fundi huyu alisema «umeme wapita bila kizuizi», na fundi yule alisema «hapana». Wote wawili walikuwa na mashini, wote wawili walikuwa na tarakimu nyingi baada ya mkato. Mtu wa nje angemsadiki nani? Tarakimu nyingi si ushahidi. Mashini hukosea kwa utii mkubwa: yafanya vema kabisa hesabu uliyoiagiza, hata kama hesabu hiyo si jibu la swali lako.

Walioponya shida hii walitumia desturi ambayo wasomaji wetu waliosoma Sheria za Kanisa waijua vizuri. Mwamuzi huwahoji mashahidi mmoja mmoja, kusudi wasiambiane la kusema. Mwaka 2015 vikundi vingi vilikubali kuchukua mchezo uleule, kwa namba zilezile, kila kimoja kwa njia yake, na kulinganisha majibu hadharani pamoja na kipimo cha kosa linalowezekana. Mwaka 2017 vilifika mahali pagumu zaidi, pale ambapo elektroni moja kwa kila vyumba vinane imeondolewa. Njia nne zisizofanana zilitoa jibu moja: nafasi tupu hazitawanyiki ovyo, bali zajipanga mistari mistari, kama matuta ya viazi, na kati ya matuta mishale yafuatana, juu, chini, juu, chini; na matuta hayo yarudia karibu kila vyumba vinane. Mipango mingine iliyopigania nafasi ya kwanza ilikosa kwa tofauti ndogo sana ya nguvu. Kumbe, ndiyo maana mafundi wa zamani waligombana: washindani walikuwa karibu kulingana, na kosa dogo la njia latosha kumpa taji asiyestahili.

Na umeme bila kizuizi? Mwaka 2020 kikundi kimoja kilichounganisha njia mbili kilionyesha kama katika mchezo mtupu wa sheria mbili, pale palipochunguzwa, haupo. Baada ya miaka karibu sitini ya kuutegemea mchezo, jibu hilo lilikuwa chungu kwa wengi. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa jamaa ileile waliongeza sheria ya tatu, ndogo: elektroni yaweza pia kuruka kwa mshazari, kutoka chumba mpaka chumba kinachogusana nacho kwa pembe, kama kete ya dama. Katika shaba ya kweli mruko huo upo. Na hapo umeme bila kizuizi ulitokea, tena pamoja na matuta, ingawa wengine walidhani yafukuzana. Mtu akiuliza basi «elektroni zafanya nini?», sasa twaweza kumjibu kwa sehemu. Bado haijaelezwa kwa nini kitu kimoja cha shaba chaanza katika digri hizi na kingine katika digri zile, wala namna ya kutengeneza kile ambacho kingefanya hivyo katika joto la kawaida.

Kuna na njia nyingine isiyo ya ordinatere zetu. Mwaka 1981 Feynman alisema: ikiwa maumbile hufuata kwantumu, tujenge mashini ya kuhesabu inayofuata kwantumu yenyewe. Huko München, mwaka 2002, walifaulu kuweka atomu za baridi kali katika vyumba vilivyofanywa kwa mwanga, ubao wa Hubbard wa kushikika, na mwaka 2017 wa Harvard waliona elektroni za bandia zikijipanga juu, chini, juu, chini. Ni kazi nzuri. Juu ya mashini za kwantumu zinazouzwa kwa maneno makubwa, twashauri uangalifu. Mwezi wa Juni 2023 kampuni IBM ilitangaza hesabu ya mishale 127 ambayo ordinatere za kawaida zilionekana kuishindwa. Hazikupita wiki nyingi, vikundi kadhaa vikaifanya hesabu ileile kwa mashini za kawaida, wengine kwa nyavu za namna ya White, tena kwa usahihi zaidi. Mashindano hayo yaendelea, na kila upande wamfundisha mwenzake.

Pengine mwanafunzi wa Lubumbashi ao wa Bukavu atasema: mambo haya ni ya matajiri. Si kweli yote. Maandiko mengi ya elimu hii huwekwa bure kwa wote katika ghala liitwalo arXiv, tangu mwaka 1991. Programu zenye kufuata njia ya White, kama ITensor na TeNPy, hutolewa bure. Na mishale ishirini yahitaji nafasi ya mega 17 tu, pungufu ya picha chache za telefone. Tena mwanzo wake hauhitaji hata umeme. Mwenye kupenda achukue mishale iliyopangwa kama pete, kila mmoja ukivutana na jirani zake wawili, atafute nguvu ya chini kabisa ya pete. Kwa mishale minne, karatasi na kalamu zatosha; atapata 2 chini ya sifuri, yaani 0,5 kwa kila mshale. Kwa mishale sita itamchosha, lakini atafika: 0,467. Kwa kumi atahitaji mashini: 0,452. Na pete isiyo na mwisho, kwa njia ile ya Bethe ya mwaka 1931, yatoa 0,443.